Zege la Kilima Upara

Nchi yetu haina kinu cha nyuklia. Haijawahi kuwa nacho. Umeme wetu unatoka kwenye mto mmoja ambao kiangazi kikikaza nao huchukua likizo. Nasema hivi mapema kwa sababu wageni wakisikia kwamba chuo kikuu chetu kinatoa shahada ya usimamizi wa taka za nyuklia, jambo la kwanza wanalouliza ni taka zenyewe zinatoka wapi. Ni adabu tu inayotuzuia kuwacheka. Tuna Wizara ya Reli pia, na hakuna raia aliyewahi kuisumbua kwa kuulizia treni.

Jina rasmi la nchi limebadilishwa na kila kiongozi aliyeapishwa, mpaka wananchi tukaamua kuiita Hapa Kwetu, yaishe. Mimi ni mshereheshaji wa chuo. Ndiye ninayeshika kipaza sauti siku ya mahafali, siku ya uzinduzi, siku ya kuwaaga wanaostaafu na siku ya kuwapokea tena wakirudi kwa mkataba. Navitaja vyeo vya watu kwa mpangilio wake, naomba makofi, na makofi yakilegea nayakaza. Kazi yangu ni hiyo tu, na hakuna kifungu cha sheria kinachosema mshereheshaji anahusika na kinachoshereheshwa.

Shahada yenyewe ilianza hivi. Nchi jirani ilitangaza kwamba itajenga kinu. Waziri wetu wa Elimu ya Juu, Mheshimiwa Ndauka, ni mtu asiyependa kutanguliwa. Hata msibani hufika kabla ya marehemu. Akatuita ukumbini siku hiyohiyo.

"Ndugu zangu," alisema, "wenzetu wameamua kuanzia mwanzo. Huo ni ushamba. Kinu kinazeeka, kinazimwa, kinabomolewa. Kinachobaki ni taka, na wataalamu wananiambia taka hizo zinakaa maelfu ya miaka. Sasa taifa lenye maono linawekeza wapi? Kwenye kinachokufa, au kwenye kinachodumu?"

Nikakaza makofi. Wakuu wa idara walisimama, na mkuu wa idara ya ushairi, ambaye hakuelewa kitu, alitokwa na machozi.

*

Mtu pekee aliyelijua somo hilo nchini alikuwa Dokta Mrindoko. Alilisomea ughaibuni kwenye baridi kali, akarudi na shahada zake na koti zito ambalo Hapa Kwetu halina siku yake. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kujilaumu kwa tabia. Akikigonga kiti alikiomba radhi. Mwanafunzi akifeli, yeye ndiye aliyekosa usingizi.

Hakuwa na taka za kufundishia hata chembe, kwa hiyo alifundisha kwa jiko la mkaa. Alilileta kwenye ukumbi wa mihadhara likiwa limekolea, akaliweka katikati, akawapanga wanafunzi kulizunguka.

"Mionzi huioni," aliwaambia, "hainuki, haina kelele. Jiko angalau linakuonya. Lakini kanuni ni zilezile. Usikae karibu kwa muda mrefu. Simama mbali. Na kati yako na lenyewe weka kitu kizito. Nani ananipa kanuni ya nne?"

"Tusilete jiko darasani, Dokta!" alisema mmoja wa nyuma, wenzake wakacheka.

"Kujua kwanza kama ni taka," alisema binti mmoja wa mbele. "Makaa yanayopika bado si taka. Ni moto wa watu."

Dokta alimtazama kwa furaha ya mwalimu aliyevuna. Binti huyo aliitwa Tegemea, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwana pekee wa Mama Tegemea, fundi cherehani anayetushonea majoho ya mahafali. Mama huyo alikuwa mgonjwa. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na alikuwa akitibiwa kwa mionzi pale Hospitali Kuu, kwenye mashine pekee ya aina hiyo tuliyonayo nchi nzima. Asubuhi anapigwa mionzi, mchana anarudi kwenye cherehani yake, akichoka analala juu ya majoho. Nilijua hayo yote. Joho langu mimi ndilo alilolilalia mara nyingi, maana ni pana.

Somo lilinoga. Wiki moja waliagizwa wabuni onyo litakalomzuia binadamu wa miaka elfu kumi ijayo asichimbe mahali palipozikwa taka, hata kama atakuwa hajui lugha yoyote ya leo. Kundi moja lilichora fuvu. Kundi lingine lilipendekeza kijengwe chumba chenye kaunta, kiti kitupu na koti lililotundikwa kwenye kiti, watu waone kwamba mhusika ametoka kidogo. Dokta alilipatia kundi hilo alama za juu, akasema ndiyo njia pekee ambayo imejaribiwa kwa wananchi na kuthibitika.

Kwa mafunzo ya vitendo wakachimba shimo. Walilichimba juu ya Kilima Upara, nyuma ya mabweni, likawa na kina cha kutisha, na kuta za nondo na saruji. Tegemea alifanyia utafiti zege la kulifunikia. Alichanganya kokoto nzito zenye chuma na saruji inayokauka upesi, akajaribu, akavunja, akajaribu tena, mpaka akapata zege ambalo nyundo ilikuwa inarukaruka juu yake bila kuacha alama. Chuo kikampa tuzo. Mimi ndiye niliyeitangaza.

*

Sasa inabidi nieleze mila yetu moja, maana bila hiyo mtatuona wajinga, na sisi si wajinga.

Hapa Kwetu mradi hauzinduliwi ukiwa mtupu. Ni aibu mgeni rasmi akate utepe akute hakuna kitu. Kwa hiyo tunaazima. Zahanati ikizinduliwa, vitanda vinaazimwa zahanati ya jirani pamoja na wagonjwa wachache wenye sura ya matumaini. Bomba likizinduliwa, gari la maji linafichwa nyuma ya migomba. Maktaba ya chuo ilizinduliwa kwa vitabu vya wilaya nzima, na mpaka leo kuna shule inadai kamusi yake. Huo si uongo, ni heshima. Mwenyeji anajua, mgeni rasmi anajua, na kila mtu anajua kwamba jioni kila kitu kinarudi kilikotoka.

Basi Profesa Mshindo, Makamu Mkuu wa Chuo, akamwita Dokta Mrindoko ofisini. Nilikuwepo, napanga ratiba.

"Dokta, Mheshimiwa Ndauka anakuja Jumamosi kuzindua shimo lako. Ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Profesa. Nchi haina taka."

"Azima."

"Kwa nani, Profesa? Kitu cha namna hiyo kipo kimoja tu nchi nzima. Kipo Hospitali Kuu, na kinatibu watu."

"Jumamosi hospitali inatibu watu kwa mashine hiyo?"

"Jumamosi hapana. Inapumzika."

"Basi na ije ipumzikie hapa. Asubuhi tunaibeba, jioni tunairudisha. Jumatatu wagonjwa hawatajua hata kama ilitoka. Kwani vitanda vya zahanati vilikufa?"

Kulikuwa na kikwazo kimoja kidogo. Kwa sheria zetu, kitu chenye mionzi hakiruhusiwi kutoka hospitalini isipokuwa kimeshathibitishwa kuwa taka, na mwenye mamlaka ya kuthibitisha ni mtaalamu wa taka za nyuklia. Tulikuwa naye. Alikuwa amekaa mbele yetu, anapangusa miwani.

"Unataka niandike kwamba ni taka," alisema taratibu.

"Taka ya siku moja, Dokta. Ya heshima."

Dokta akaenda kwanza hospitali kuzungumza na Daktari Kilewo, mama anayesimamia wodi ya mionzi. Nilimsindikiza, kwa sababu nilitaka kujua jina rasmi la mashine nisije nikalikosea jukwaani. Daktari Kilewo alitusikiliza akiwa amesimama.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, Dokta," alisema. "Nina wagonjwa wamepangwa mpaka mwakani. Mtu akianza tiba hii haikatwi katikati. Ukiikata, ugonjwa unarudi na hasira."

"Ni siku moja, Daktari. Jioni itakuwa imerudi."

"Nani anaahidi? Wewe au chuo?"

"Mimi."

Alimtazama muda mrefu. Dokta Mrindoko ana uso ambao watu huuamini, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililoleta balaa. Angekuwa na uso kama wangu tungefukuzwa.

Tulipofika chuoni Tegemea alikuwa anasubiri kwenye ngazi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Tegemea."

"Nasikia mashine ya mama inaletwa kilimani."

"Inaletwa na inarudi. Nimekwisha panga. Kichwa cha mashine, chenye mionzi yenyewe, kitashushwa kikiwa kimefungwa, hakitaguswa. Zege halitamwagwa. Tutaweka kifuniko cha mbao tukipake rangi ya saruji. Mgeni akiondoka, kreni inanyanyua, lori linaondoka."

"Na isiporudi, Dokta?"

"Nitakuwa nimesimama pale pale. Nitazuia mimi mwenyewe."

Binti akashusha pumzi. Ijumaa nilimwona anakipaka rangi kile kifuniko, na alikipaka vizuri mno. Kwa mbali usingejua ni mbao. Dokta alisaini cheti cha kuthibitisha taka jioni ileile. Nilimsikia akikiomba radhi.

*

Jumamosi ilipendeza. Mahema, vitambaa, bendi ya magereza. Kichwa cha mashine kilishushwa shimoni polepole kama bwana harusi mnene anayeshuka kwenye gari, nami nikakitambulisha kwa jina lake rasmi bila kukosea. Pembeni, kwa ajili ya maonyesho, wanafunzi walikuwa wameweka mtambo wa kukorogea zege ukizunguka, umejaa zege la Tegemea, ili mgeni aone utafiti wa vijana. Lilikuwa wazo langu. Niliona linachangamsha eneo.

Mheshimiwa Ndauka alihutubia, akakata utepe, kisha akakisogelea kifuniko. Akakigonga kwa fimbo yake. Kikalia kimbao.

Nilitegemea atafanya wanavyofanya wote, yaani atatabasamu na kwenda kula. Lakini kila mtu ana siku yake ya kuchoka, na ya Mheshimiwa Ndauka ilikuwa ile.

"Hii ni mbao," alisema kwenye kipaza sauti. "Nauliza, hii ni mbao?"

Wakuu wa idara walitazama viatu vyao.

"Mnadhani sijui? Nimezindua zahanati nikapishana na vitanda njiani vikirudi! Nimefungua bomba, nikanawa mikono, nikasikia gari la maji linaondoka! Kila mahali maigizo. Mimi nimezeeka katika maigizo, ndugu zangu. Nikifa mtanionyesha nini nilichofanya kikabaki?" Sauti yake ilitetemeka, na naapa lilikuwa tetemeko la kweli. "Leo hakuna kuazima. Leo tunazika kweli. Zege lile pale si zege? Mwageni!"

Watu walishangilia bila kuombwa. Katika miaka yangu yote ya kipaza sauti sijawahi kusikia makofi kama yale. Waziri wetu alikuwa amesema ukweli hadharani kwa mara ya kwanza, na sisi sote tulikuwa na kiu nao.

Profesa Mshindo alinong'ona sikioni kwangu, "Mpe Dokta kipaza sauti. Aseme neno la kitaalamu, tupate nafasi ya kufikiri."

Nikampa. Dokta Mrindoko alikipokea kwa mikono miwili. Ng'ambo ya shimo, karibu na mtambo, Tegemea alikuwa amemkazia macho, rangi ya saruji bado kwenye vidole vyake.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Dokta. "Itifaki imezingatiwa."

Akanyamaza. Mdomo ulikuwa wazi. Mheshimiwa alimsubiri, umati ulimsubiri, na upepo ukawa unaingia kwenye kipaza sauti. Mshereheshaji yeyote atakwambia kwamba kimya jukwaani ni ugonjwa; ukikiacha kinaua sherehe. Mimi nimefunzwa hivyo. Mkono wangu ukainuka wenyewe na sauti yangu ikatoka yenyewe: "Makofi kwa mtaalamu wetuuu!"

Wakapiga. Dokta akafumba mdomo. Alitaka kusema nini, sijui. Nasema sijui, na aliyekuwa karibu yake asinipinge.

Tegemea alikimbilia jukwaani. "Mheshimiwa, tafadhali, mama yangu anatibiwa na hiyo—"

"Mama yako ana bahati kukuzaa!" Mheshimiwa alimshika bega na kumgeuza kwa wapiga picha. "Huyu ndiye mwenye zege? Mpeni koleo! Aanze yeye!"

Wakamtia koleo mkononi, naye akalishika hivyohivyo. Kifuniko kikavutwa pembeni, zege likashuka. Mheshimiwa alikaa mpaka jioni, akala, akacheza na bendi, akakataa kuondoka kabla hajapanda juu ya kazi yake kwa viatu. Alipopanda, zege lilikuwa limeshika. Halikuacha hata alama ya kisigino.

*

Maji yakimwagika hayazoleki, na zege ndiyo usiseme. Alipoondoka mgeni walileta nyundo za umeme, mbili zikavunjika vichwa. Lakini hata wangepata ya tatu isingesaidia, kwa sababu asubuhi iliyofuata Profesa Mshindo alikuwa ameisoma sheria upya.

"Ukisema si taka," alimwambia Dokta, "ulisaini uongo, na chuo kinafungwa. Ukisema ni taka, hairuhusiwi kufukuliwa. Wewe mwenyewe umewafundisha watoto kwamba kilichozikwa hakifukuliwi. Nimeona kwenye maswali yako ya mtihani."

"Profesa, kuna watu watakufa."

"Ndiyo maana ninasikitika," alisema Profesa, na akasikitika, nilimwona.

Dokta Mrindoko akaenda polisi kujishitaki. Afisa wa zamu alimkaribisha kiti.

"Umefanya kosa gani, mzee?"

"Nimezika tiba ya watu."

"Ulikuwa na kibali?"

"Nilijipa mwenyewe."

"Basi kibali kipo. Kosa liko wapi sasa?" Afisa alimhurumia, akamwitia chai. "Nenda kapumzike, Dokta. Wasomi mnajichosha."

Hapa Kwetu kosa halina mwenyewe mpaka iundwe tume. Tume ikaundwa. Mwenyekiti alitakiwa awe mtaalamu wa taka za nyuklia, kwa hiyo akateuliwa Dokta Mrindoko ajichunguze. Alijichunguza kwa ukali ambao sijaona tume yoyote ikiutumia. Aliandika ripoti ya mstari mmoja: "Mwenye hatia ni mimi." Wizara ikaipokea kwa shukrani, ikairekebisha lugha, na ilipotoka ilisomeka kwamba zoezi lilikuwa na changamoto ndogondogo, na kwamba hakuna mionzi hata kidogo inayovuja kutoka Kilima Upara, mafanikio yasiyo na mfano katika ukanda wetu. Kwa ripoti hiyo akapandishwa cheo kuwa Profesa Mshiriki. Nilipomwita jukwaani kwa cheo kipya hakuja. Nikasema yuko safarini kikazi, na makofi yakapigwa kwa kiti.

Darasani hakuleta jiko tena. Nilipita siku moja dirishani nikamsikia anawaambia wanafunzi, "Nilikuwa nacho kipaza sauti mkononi. Nilikuwa nacho mkononi." Nikapiga hatua upesi. Nilikuwa na sherehe mahali.

Mama Tegemea alirudishwa nyumbani pamoja na wengine waliokatiwa tiba katikati. Mashine mpya, walielezwa, iko njiani. Nilikwenda kumwona kuhusu joho langu, akanipa likiwa limekwisha, limepigwa pasi, na akaniomba msamaha kwa kuchelewa. Mimi! Nilitoka pale nikiwa na joho mkononi, nikashindwa kulivaa kwa wiki nzima. Nadhani lilibana.

*

Watu wakaanza kunung'unika redioni. Mheshimiwa Ndauka, ambaye hapendi kutanguliwa hata na lawama, akajibu mwenyewe.

"Napenda kuwatoa hofu wananchi. Mashine haijaondolewa. Imesogezwa tu, kutoka kwenye mazingira ya kihospitali kwenda kwenye mazingira ya kitaaluma. Wanaosema huduma imekufa hawalitakii mema taifa. Huduma iko Kilima Upara."

Kauli ya waziri ni agizo. Hospitali ikalazimika kubandika tangazo mlangoni kwamba huduma ya mionzi imehamia Chuo Kikuu. Daktari Kilewo alilichana, likabandikwa jingine. Na wagonjwa, watu waungwana wanaosoma tangazo na kulitii, wakafunga safari.

Walikuja na kadi zao za kliniki. Walipanda kilima kwa kupumzika-pumzika, wengine wameshikiliwa na ndugu, wakakuta uwanja wa zege uliolala juani, mweupe, mpana, na kibao cha shaba chenye jina la Mheshimiwa. Hakukuwa na dirisha wala mhudumu. Wakapanga foleni, na foleni ilipokosa mahali pa kwenda wakakaa. Mmoja, mzee aliyetoka mikoa ya mbali, akakaa juu ya zege lenyewe, akaegemeza mgongo kwenye ukingo ulioinuka.

"Nalihisi," alisema. "Linaingia. Kuna joto."

Lilikuwa jua tu. Lakini wengine wakasogea, na baada ya muda wote walikuwa wamekaa juu ya zege wakiwa kimya, kila mmoja ameegemeza mahali panapomuuma.

Chuo kikaniagiza niende nikawakaribishe, maana wageni ni wageni. Nilipofika na kipaza sauti changu nilimkuta Mama Tegemea amekaa pembeni, amekonda, kadi yake imo kwenye pindo la khanga. Tegemea alikuwa amechuchumaa karibu yake na kipimo cha mionzi cha darasani.

"Kidude chako kinasemaje?" mama alimuuliza.

"Kinasema hakuna kitu, mama," alijibu, na akakizima.

Ndipo akaja Dokta Mrindoko. Alikuwa amepanda kilima mbio, shati limelowa. Alinyoosha mkono kwangu bila kunisalimu, nami nikaelewa anachokuja kufanya. Safari hii angesema. Nikampa kipaza sauti, na naapa safari hii nilikuwa tayari kukata mkono wangu kabla haujainuka.

"Baba," Mama Tegemea alimwita. "Njoo kwanza hapa."

Akaenda, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nieleze mimi kwanza. Mlifunika vizuri?"

"Tulifunika vizuri, mama."

"Hakitoki hata kidogo? Kidogo tu, pembeni, mahali lilipopata ufa?"

"Halina ufa." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Hakitoki hata kidogo, mama. Nilitakiwa niseme siku ile nikashindwa. Nisamehe. Hapana, usinisamehe. Naomba niwaambie hawa."

Mama alimtazama binti yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini, akamwekea mkono mgongoni. Halafu akawatazama wenzake waliolala juu ya zege. Mzee wa mbali alikuwa amefumba macho, ametulia kama mtu aliyeondokewa na maumivu.

"Yule anatembea tangu juzi," alisema. "Ukimwambia sasa, atapata wapi nguvu za kurudi? Mwache apate zamu yake. Kesho utasema, useme kwa sauti kubwa, tukusikie wote. Leo mpe zamu yake."

"Mama, siwezi kuwadanganya tena."

"Mwanangu, mimi sikuombi kwa ajili yako."

Dokta alisimama. Watu walipomwona na kipaza sauti, wakajua mganga amefika. Wakaketi vizuri, wakajifuta vumbi, kadi zikatoka kwenye pindo na mifuko. Walimtazama kwa uso ule ambao Daktari Kilewo alimtazama nao siku ile, wa kuamini.

Alikaa kimya muda mrefu. Sikuomba makofi.

"Anayefuata," alisema.

Mzee akafumbua macho, akavua kofia, akaja na kadi yake akishukuru.